Mita 60 Kutoka Mtoni: Tanzu za Maandishi na Hifadhi ya Mazingira

Mkulima wa Bugarama, wilayani Ngara, Mkoa wa Kagera, ambaye shamba lake la maharage limeteremka hadi ukingoni mwa kijito, anaweza kuambiwa jambo moja kwa njia nyingi. Sheria ya nchi humtajia umbali. Taarifa ya mtaalamu humweleza habari za udongo unaochukuliwa na maji. Kitabu cha mwanawe wa shule humfundisha kazi ya mizizi. Redio humhimiza, mzee wa kijiji humpigia methali, na sheria ndogo ya kijiji humtajia faini. Jambo lenyewe ni lile lile, kwamba ukingo wa mto uachiwe mimea yake, lakini kila mmoja wa wasemaji hao hulisema kwa lugha yake, na kila lugha hutia nguvu mahali pamoja na kuacha udhaifu mahali pengine.

Makala hii inakusudia kuchunguza tofauti hizo za mtindo. Uchunguzi huo si mchezo wa wanafasihi peke yao. Katika nchi ya vilima kama Ngara na Biharamulo, bonde ndilo linalobaki na unyevu wakati wa kiangazi, tangu Juni hadi Agosti, ilhali mashamba ya mlimani yamekauka. Kwa kaya yenye ardhi ndogo, kipande hicho cha bondeni ni akiba ya chakula. Kumtaka mkulima akiache ni kumtaka atoe kitu chenye thamani, na maneno yatakayomwendea kwa ombi hilo hayana budi kulingana na uzito wake. Maandishi yakikosea mtindo, hasara haiishii kwenye karatasi. Huonekana katika chemchemi iliyokauka, au katika faini iliyotozwa mtu asiyeelewa kosa lake.

UTANZU NI NINI

Neno utanzu, kwa asili yake, ni tawi la mti. Wanafasihi wamelichukua kutaja tawi la maandishi au la masimulizi: hadithi, ushairi, methali, maigizo, na kadhalika. Profesa M. M. Mulokozi, katika makala yake juu ya tanzu za fasihi simulizi iliyotoka katika jarida la Mulika namba 21 mwaka 1989, alionyesha kwamba umbo la maneno peke yake halitoshi kuutambulisha utanzu. Fasihi simulizi ni tukio. Kwa hiyo yafaa kuangalia pia nani anasema, nani anasikiliza, mahali gani na wakati gani.

Hoja hiyo inafaa vilevile kwa maandishi yasiyo ya fasihi. Sheria, taarifa ya utafiti, tangazo la ukutani na kitabu cha kiada nazo ni tanzu. Kila moja ina mwenye kusema, ina mwenye kusikiliza, ina mahali pake na ina kazi yake. Mwandishi wa mambo ya mazingira huandika leo taarifa, kesho tangazo, keshokutwa hotuba ya mkuu wa wilaya. Na kosa lililo jepesi kulitenda ni kuhamisha lugha ya kimoja kuipeleka katika kingine bila kuibadilisha.

LUGHA YA SHERIA

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, inakataza katika kifungu cha 57 shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufuko wa ziwa au bahari, na bwawa. Lakini haikatazi shughuli zote kwa neno moja. Inataja shughuli zilizo za kudumu, au zile ambazo kwa namna yake zinaelekea kudhuru hifadhi ya ukingo huo.

Hapo yaonekana tabia kuu ya mtindo wa sheria. Kwanza, sheria haimwambii mtu fulani. Husema na mtu yeyote. Pili, haina haraka: hupanga masharti, hutaja yaliyomo na yasiyokuwamo, ili siku mbili hizi, mbele ya hakimu, pasiwe na mwanya. Tatu, haielezi sababu. Kifungu hakisemi kwa nini ziwe mita 60, si 40 wala 80. Wala si kazi yake kusema. Sheria inayojieleza kila kifungu ingekuwa mahubiri, na mahubiri hayashitaki mtu.

Nguvu ya mtindo huu ni uhakika, na udhaifu wake ni umbali kutoka kwa msikilizaji. Je, maharage yanayopandwa mwanzo wa kiangazi na kuvunwa kabla ya mvua ni shughuli ya kudumu? Je, yanadhuru ukingo? Mwanasheria atalijadili swali hilo kwa saa nzima. Mkulima anahitaji jibu kabla ya kushika jembe. Tena kwa miaka mingi sheria za Tanzania zilitungwa kwa Kiingereza, na ni mwaka 2021 tu Bunge liliporekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa mkazi wa Ngara, ambaye huenda nyumbani anasema Kihangaza au Kishubi, kifungu cha mita 60 kilisafiri lugha tatu kabla ya kumfikia. Katika safari ya namna hiyo maneno yanayoanguka kwanza ni yale madogo: "ya kudumu", "kwa namna yake", "yanaelekea". Nayo ndiyo yanayobeba maana ya kifungu.

LUGHA YA TAARIFA

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 1994, na mchana wake, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Kambi ya Benaco, iliyopewa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, iligeuka mji mkubwa kwa muda wa siku chache. Kambi nyingine zilifuata. Wakimbizi wengi wa Rwanda walirejea kwao mwishoni mwa mwaka 1996. Kambi ya Lukole, ya wakimbizi wa Burundi, ilifungwa mwaka 2008.

Taarifa za mashirika ya Umoja wa Mataifa juu ya miaka hiyo zilitaja kwamba matumizi ya kuni katika kambi za Kagera yalizidi tani 1,200 kwa siku. Kwamba kilometa za mraba 570 za misitu ziliathirika. Na kwamba kati ya hizo, kilometa za mraba 167 ziliharibiwa vibaya. Takwimu hizo zilikuwa na kazi kubwa. Bila ya hizo isingewezekana kudai fedha za majiko sanifu, za kugawa kuni kwa utaratibu, na za kupanda miti upya. Msitu usiohesabiwa hauombewi bajeti.

Lakini msomaji aangalie sarufi ya taarifa za aina hii, popote zinapoandikwa. Kauli inayotawala ni ya kutendwa: miti imekatwa, misitu imeharibiwa, udongo umechukuliwa. Wakati mwingine kauli huwa dhaifu zaidi: misitu imetoweka, chemchemi imekauka, ardhi imechakaa. Kiswahili kina utajiri wa pekee katika jambo hili. Lugha yaruhusu kusema tumekata msitu, yaani mtenda yupo na anajitaja. Msitu umekatwa, yaani mtenda yupo lakini hatajwi. Na msitu umetoweka, kana kwamba umeondoka wenyewe kwa miguu yake.

Mwanasayansi hutumia kauli ya kutendwa kwa sababu ya haki: anataka jambo lionekane, yeye na hisia zake wasionekane. Hilo ni jema. Hatari hutokea pale kauli hiyo inapoficha mambo ambayo sayansi yenyewe ingetaka yajulikane. Katika habari za Ngara, nani alikata? Mama mkimbizi aliyekuwa na sufuria moja na watoto, au mfanyabiashara wa mkaa aliyetumia nafasi ya machafuko, au mwenyeji aliyewauzia kuni wageni? Kila jibu lina dawa yake. Sentensi isiyo na mtenda hutoa dawa moja kwa wagonjwa watatu.

LUGHA YA KITABU CHA SHULE

Kitabu cha kiada kina kiambishi chake kinachokipenda kuliko vyote, nacho ni hu-. Mizizi hushika udongo. Majani hupunguza kishindo cha matone ya mvua. Nyasi za ukingoni huchuja tope kabla halijaingia mtoni. Kiambishi hiki hakina jana wala kesho. Hutaja jambo lililo kweli wakati wote.

Yafaa kukumbuka kwamba kiambishi hicho ndicho cha methali. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili anaposoma kanuni ya sayansi, huisikia kwa sauti ile ile ya hekima ya wazee. Hii ni bahati ambayo waandishi wa vitabu vya sayansi kwa Kiswahili wanayo, na yafaa waitumie kwa uangalifu, kwa kuwa sauti ya methali haikaribishi swali. Kanuni ya sayansi, kinyume chake, inataka iulizwe. Mizizi hushika udongo, ndiyo. Lakini mizizi ya mti gani, kwenye mteremko wa namna gani, na mvua ya kiasi gani?

Mfano mzuri ni mkaratusi. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki mti huu umependwa kwa kuwa hukua upesi na kutoa nguzo, kuni na fedha. Lakini mti unaokua upesi hunywa maji mengi, na wataalamu hushauri usipandwe karibu na chemchemi wala kandokando ya vijito. Kitabu kinachosema tu kwamba miti huhifadhi maji kimesema kweli nusu. Mwanafunzi mtiifu akiipanda mikaratusi 50 kuzunguka kisima cha kijiji, atakuwa ametekeleza somo na kukidhuru kisima.

LUGHA YA REDIO NA YA KAMPENI

Tanzania ina historia ndefu ya kampeni za redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi, kijitabu na saa ya kipindi. Baada ya kusikiliza, wanakikundi walijadili, wakaamua, kisha wakaenda kuchimba choo au kufyeka vichaka. Mwaka 1975 ilifuata Chakula ni Uhai, na mwaka 1980 Misitu ni Mali.

Majina hayo yenyewe ni somo la mtindo. Yote yamejengwa juu ya kiungo kimoja kidogo, ni. Hayaamuru wala hayatishi. Yanatoa tafsiri ya jambo. Kumwambia mwananchi kwamba misitu ni mali ni kumwalika aipime misitu kwa kipimo anachokijua tayari. Lakini neno mali lina pande mbili. Mali hutunzwa, na mali huuzwa pia. Anayekata mti kuchoma mkaa naye anaweza kusema, bila kukosea, kwamba misitu ni mali.

Kaulimbiu nyingine iliyoenea nchini, kata mti panda mti, ina uzuri wa mizani: maneno mawili kwa mawili, kitendo kwa kitendo. Mtoto huishika mara moja. Hata hivyo usawa huo wa maneno si usawa wa mambo. Mti uliokatwa una miaka 40. Uliopandwa una majani manne na huenda ukaliwa na mbuzi kesho. Kaulimbiu haina nafasi ya kusema kwamba mche unahitaji kulindwa, wala ni mti gani upandwe wapi. Nafasi hiyo huwa ni ya kikundi cha majadiliano. Kampeni za miaka ya 1970 zilijua hivyo, ndiyo maana hazikuishia kwenye jina. Jina lilikuwa mlango, na kijitabu pamoja na mazungumzo vilikuwa nyumba. Siku hizi ni jambo la kawaida kuona mlango umejengwa peke yake, umebandikwa ukutani.

Redio ina utanzu mwingine wenye nguvu, nao ni mchezo wa kuigiza. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa Twende na Wakati, juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Kwa miaka miwili ya kwanza haukutangazwa Dodoma, na hivyo watafiti wakapata eneo la kulinganisha. Waliona kwamba mahali mchezo uliposikika, fikra na matendo ya wasikilizaji juu ya uzazi wa mpango yalibadilika kuliko pale usiposikika. Mhusika mmojawapo, dereva wa lori aitwaye Mkwaju, hakuwa mtu wa kuigwa. Wasikilizaji walijifunza kwa kuona yaliyompata. Jambo hili haliwezi kufanywa na taarifa wala sheria. Sheria haina mhusika. Mchezo una mtu anayekosea, anayejitetea, na ambaye msikilizaji humcheka kwanza kisha akajiona ndani yake.

Wilayani Ngara chombo cha kazi hiyo kilikuwapo karibu. Redio Kwizera ilianzishwa huko mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, ikitangaza kwa lugha za eneo hilo, kikiwamo Kiswahili. Jina lake, katika Kirundi na Kinyarwanda, maana yake ni tumaini. Kituo kinachosema na mkimbizi na mwenyeji kwa wakati mmoja hakiwezi kutumia sentensi isiyo na mtenda. Kila msikilizaji atauliza ni nani anayesemwa.

MTI UNAPOKUWA MTU

Katika taarifa, mti uliota, mti ulikatwa, mti ulianguka. Katika hadithi, mti aliwaita wanyama, akawauliza, akalia. Mabadiliko haya ya upatanisho wa kisarufi, kutoka ngeli ya vitu kuingia ngeli ya watu, ni silabi moja tu, lakini ni safari ndefu ya fikra. Kiswahili hakihitaji aya nzima kumpa mti utu. Kiambishi kimoja kinatosha. Kwa sababu hiyo hadithi ya Kiswahili juu ya mazingira ina silaha iliyo nyepesi na kali.

Silaha kali hutaka mkono uliotulia. Mti ukisema sana hugeuka mhubiri, na msikilizaji hulala. Mwandishi bora wa hadithi humwacha mti anyamaze mpaka pale ambapo kunyamaza hakuwezekani.

Ushairi nao una njia yake. Shairi la kimapokeo, lenye mizani 16 kwa mshororo na vina vya kati na vya mwisho, halina nafasi ya masharti wala ya takwimu. Mshairi analazimika kuchagua. Anachokichagua hukaa kichwani mwa watu, kwa kuwa mizani na vina ni kamba za kufungia mzigo wa kumbukumbu. Magazeti kama Uhuru yalitenga kurasa kwa ajili ya mashairi ya wasomaji, nao wakajibizana humo juu ya mambo ya taifa. Mshairi mmoja akidai kwamba njaa ndiyo inayokata miti, mwingine humjibu kwamba ni tamaa, na wasomaji hupata mjadala ambao taarifa ya utafiti haikuwapa.

Wanasayansi wenyewe wamewahi kuazima tanzu hizi, na sayansi yao haikupungua. Rachel Carson, mwanabiolojia wa Marekani, alianza kitabu chake Silent Spring cha mwaka 1962 kwa ngano fupi ya mji ambao ndege wake wamenyamaza; ngano ikiisha, zikafuata sura za ushahidi juu ya viuatilifu. Miaka 10 baadaye Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT katika kilimo. Wangari Maathai wa Kenya, mwenye shahada ya udaktari katika elimu ya viungo vya wanyama, alianzisha harakati ya upandaji miti mwaka 1977 na kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Katika hotuba zake alipenda kusimulia ngano ya ndege mdogo aliyebeba maji tone kwa tone kuuzima moto wa msitu. Wote wawili walijua mpaka wa kila utanzu: ngano humfanya mtu ageuke asikilize, na ushahidi humfanya abaki.

MANENO YANAYOBADILIKA NJIANI

Yapo maneno ambayo hupita katika tanzu zote yakiwa na sura ile ile, lakini maana imebadilika. Neno hifadhi ni mojawapo. Kwa asili yake ya Kiarabu lina maana ya kutunza, na hata kushika jambo moyoni, kama anayehifadhi Kurani. Mtaalamu anaposema hifadhi ya mazingira, ana maana hiyo ya utunzaji. Lakini katika lugha ya utawala hifadhi imekuwa pia mahali: eneo lenye mpaka na askari. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye ukubwa wa kilometa za mraba 4,707. Tangu hapo, kwa mkazi wa jirani, hifadhi ni mahali asipoweza kuchunga wala kuokota kuni. Afisa akija kijijini na kusema kwamba bonde lao linahitaji hifadhi, naye akidhani ametaja utunzaji, wasikilizaji wanaweza kusikia habari ya kuhamishwa. Mkutano huvunjika kwa neno moja ambalo kila upande unaamini unalijua.

Neno pori nalo ni hivyo hivyo. Sheria husema pori la akiba na kulipa thamani. Katika mazungumzo ya kila siku shamba lililoachwa bila kulimwa huambiwa limekuwa pori, yaani limeharibika. Na neno uvunaji, ambalo kwa mkulima ni furaha ya mwisho wa msimu, katika taarifa ya misitu ni ukataji wa magogo kwa kibali. Mkulima akikata mti bila kibali huo huitwa mharibifu. Kampuni ikikata 1,000 kwa kibali huitwa mvunaji. Huenda tofauti hiyo ni halali kwa sheria, lakini mwandishi hana budi kuieleza, asiifiche ndani ya neno.

Maneno mengine husafiri kinyume chake, kutoka kijijini kwenda ofisini. Mwaka 1986 ulipoanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi HASHI, wataalamu walikuta kwa Wasukuma desturi ya kutenga malisho yakapumzika wakati wa masika ili yatumike kiangazi. Desturi hiyo huitwa ngitili. Badala ya kubuni istilahi mpya, mpango uliichukua desturi pamoja na jina lake. Taarifa za baadaye zilieleza kwamba maeneo ya ngitili yaliongezeka kutoka hekta mia chache mwaka ule hadi zaidi ya hekta 300,000. Haitakuwa sahihi kudai kwamba neno ndilo lililootesha miti. Lakini ni dhahiri kwamba mwananchi aliyeambiwa atenge ngitili hakuhitaji mkalimani, wala hakuogopa kwamba ardhi yake inachukuliwa.

MAHALI TANZU ZINAPOKUTANA

Kuna maandishi mamoja ambayo hayana budi kuunganisha mitindo yote hii, nayo ni sheria ndogo ya kijiji. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, wananchi wakaijadili katika mkutano mkuu, na halmashauri ya wilaya ikaiidhinisha. Kwa hiyo hati hiyo husomwa na watu wa aina mbili: mwanasheria wa wilaya anayetafuta mwanya, na wanakijiji waliokaa chini ya mti, ambao wengi wao wataisikia kwa masikio, hawataisoma.

Mtu akinakili kifungu cha mita 60 neno kwa neno, mwanasheria ataridhika na mkutano utapiga makofi ya heshima. Baada ya hapo kila mtu atarudi bondeni kwake. Mtu akiandika kwa lugha ya kaulimbiu, mkutano utafurahi lakini mahakama haitaweza kuitumia. Njia ya tatu ni ngumu zaidi, nayo ni kuandika kifungu kwa vipimo na majina ambayo wanakijiji wenyewe huyatumia. Badala ya mto wowote, vitajwe vijito vya kijiji kwa majina. Pamoja na mita 60, itajwe alama ya kudumu: jiwe fulani, njia ya ng'ombe, mstari wa miti iliyopandwa. Badala ya shughuli za kudumu, vitajwe vitendo: kulima kwa jembe, kufyatua matofali, kuchungia mifugo, kupanda mikaratusi. Na kando ya yanayokatazwa yatajwe yanayoruhusiwa, kwa mfano kukata majani ya mifugo, kutundika mizinga ya nyuki, au kupanda miti ya asili, ili mwenye shamba la bondeni aone kwamba ameulizwa atakula nini.

Hapo ndipo faida ya kujua tanzu inapoonekana. Mwandishi wa sheria ndogo anahitaji uhakika wa sheria, hesabu za taarifa, ufafanuzi wa kitabu cha shule, ufupi wa kaulimbiu, na heshima ambayo hadithi humpa msikilizaji wake. Jambo lenyewe haliishii ukingoni mwa shamba moja. Vijito vya Ngara huingia Ruvubu na Kagera. Mito hiyo miwili hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, ambako Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga kituo cha umeme cha megawati 80. Na kutoka hapo maji huenda Ziwa Victoria, kisha Nile. Tope lililotoka katika tuta la maharage huhesabiwa tena kwenye mitambo.

HITIMISHO

Kutokana na hayo yaliyoelezwa, yafaa kupendekeza mambo machache kwa wataalamu, walimu na maafisa wanaoandika juu ya mazingira.

Kwanza, kabla ya kuandika, mwandishi ajiulize ni utanzu gani anaoandika na nani atakayeusikia. Taarifa nzuri si tangazo zuri, na tangazo zuri si sheria.

Pili, kila penye kauli ya kutendwa, aulize kama mtenda hajulikani au amefichwa. Kama anajulikana na dawa inategemea kumjua, atajwe.

Tatu, katika kufupisha sheria kwa ajili ya redio au ukuta, maneno madogo ya masharti yalindwe. Kama hayawezi kuingia katika kaulimbiu, yaingie katika mazungumzo yanayoifuata, na mazungumzo hayo yapangwe tangu mwanzo.

Nne, maneno kama hifadhi, pori na uvunaji yafafanuliwe kila mara yanapopelekwa kijijini, na pale ambapo wenyeji wana neno lao kwa jambo lile lile, neno hilo lipewe nafasi ya kwanza.

Tano, na hili ni jepesi kuliko yote, maandishi yasomwe kwa sauti mbele ya watu wachache wasioyaandika, kabla hayajapigwa chapa. Wakiuliza "nani?", au "mpaka wapi?", au "na badala yake tupande nini?", na maandishi yakawa hayana jibu, basi kazi haijaisha, hata kama kila neno lililomo ni la kweli.